Ngozi ya Bibi Harusi

Mimi ni mwepesi wa hasira, na haya ninayotaka kusimulia yalianza kwa hasira. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwenye tamasha la shule za msingi pale Nyamira. Shule moja ilileta igizo la arusi ya Kigusii ya zamani, kabla mabibi harusi hawajajua shela. Wasichana wakatoka wamevaa magunia. Magunia yenyewe ya kahawa, yaliyotobolewa shimo la kichwa na kuchorwa mistari ya makaa. Mmoja alikuwa bado na maandishi ya chama cha ushirika mgongoni. Watu walicheka, walimu wakapiga makofi, na mgeni wa heshima akasema ni jambo jema watoto wajue nyanya zao walivaa nini.

Nyanya zetu hawakuvaa magunia. Nililisema hilo kwa sauti pale pale nilipoketi, na mwalimu mkuu wetu, aliyekuwa kiti cha mbele, akageuka. "Basi mwakani utatuonyesha wewe, mwalimu, walivaa nini." Alikuwa akinitania. Mimi nikaichukua kama kazi.

Lazima nieleze kwamba kushona nguo za watu wa zamani kulikuwa ndiyo burudani yangu tangu utotoni. Nililelewa pembeni mwa mji wa Kisii, karibu na Daraja Mbili, na katika miaka ya sitini nilisoma shule ya masista, ambako kila Krismasi tuliigiza kuzaliwa kwa Yesu. Mamajusi wa kwanza niliowavisha walivaa mapazia ya bweni. Herode alivaa taji la bati la kopo la mafuta, nalo lilimkata sikio. Wenzangu walifuma vitambaa vya meza vya kupeleka kwao siku watakapoolewa, mimi nikaomba vipande vya nguo kwa mafundi wa mjini na kukaa navyo chini ya kitanda kama panya. Katika kitabu cha historia kulikuwa na picha ya malkia mmoja wa Kizungu mwenye kola pana kama sinia. Niliishona kola ile kwa shuka kuukuu, nikaikaza kwa uji wa muhogo mpaka ikasimama yenyewe. Mama yangu aliitazama, akaniuliza nitaivaa wapi. Mimi sikuona kwa nini lazima jibu liwepo.

Ndiyo maana magunia yale yaliniuma. Nilijua kuvisha malkia, nilijua kuvisha Mamajusi. Mavazi aliyoolewa nayo nyanya yangu mwenyewe nisingeweza hata kuyachora.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa karibu na Nyamira, katika boma la Wasabato wenye chai na migomba. Mume wangu alifanya kazi Kericho na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe na baba mkwe. Mama mkwe alikuwa mke wa kanisa hasa, wa kitambaa cheupe kichwani na Biblia kwapani, ambaye Ijumaa jua likianza kushuka hata kisu cha viazi alikiweka chini. Baba mkwe hakubatizwa kamwe. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufunga, na la kulia lilikuwa likielekea huko huko. Hospitali hakutaka kuisikia. Alisema jicho lake limeona ya kutosha.

Mama mkwe ndiye aliyeniambia, tukichuma chai, kwamba mzee huyu katika ujana wake ndiye aliyekuwa akilainisha ngozi za mabibi harusi wa upande ule wote. Watu walimletea ngozi za mbuzi kutoka mbali, naye akazifanya laini kama kitambaa. Sasa waliojua kazi hiyo wamekufa, amebaki yeye, na jicho moja, tena bovu.

"Basi anifundishe kabla halijafunga," nikasema.

Mama mkwe akaendelea kuchuma. "Hatakufundisha. Hajashika ngozi tangu mimi nibatizwe."

Sikuthubutu kuuliza zaidi. Nilimwomba tu anifikishie ombi langu, maana mimi mwenyewe nisingeweza. Kwetu kuna chinsoni, ile haya na heshima inayomtenga baba mkwe na mke wa mwanawe. Baba mkwe haingii nyumbani kwangu. Sisi wawili hatukai pamoja tukapiga soga, hatugusani hata mkono, na habari za mwili hazitajwi kabisa. Sasa nguo ni nini kama si habari za mwili? Kiuno, nyonga, paja. Nilikuwa namwomba mzee wa watu anieleze mambo ambayo mila ilitaka afe kabla ya kuyataja mbele yangu.

Jibu lilirudi jioni. "Anasema ngozi ni ya mbuzi, na mbuzi wako sokoni."

Haya. Nilikwenda sokoni, nikapata ngozi mbichi kwa mchinjaji, nikaja nayo nyumbani na kiburi changu. Niliiwamba mwenyewe uwanjani kwa vijiti, nikaipaka chumvi, nikaenda shuleni kufundisha upishi na ushonaji. Baada ya siku chache boma zima lilinuka. Ngozi ilikuwa imejikunja pembeni na kuoza katikati, mbwa wa jirani wakahamia kwetu, na mama mkwe akaanza kusali na dirisha limefungwa. Nilijiapiza nitaitupa kesho yake.

Kesho yake nilipoamka nilikuta ngozi ile haipo. Mahali pake palikuwa na ngozi nyingine, mbichi, imewambwa sawasawa, vijiti vimepangwa karibu karibu kuizunguka pande zote. Ilikuwa imevutwa mpaka ingelia kama ngoma. Baba mkwe alikuwa ameketi mbali kidogo akiota jua, uso ameupeleka kwenye migomba, kama mtu asiyejua lolote. Nilitaka kuruka kwa furaha. Nilimwita mama mkwe aje aone.

Alikuja, akasimama, akaitazama ngozi kwa muda mrefu. Halafu alinishika mkono, tukaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda chake na kunieleza bila kuulizwa. Ngozi yake ya arusi aliilainisha mume wake mwenyewe. Bwana harusi kumtengenezea mchumba wake ngozi kwa mikono yake lilikuwa jambo la kuchekwa, lakini yeye alisema mwingine asiguse. Aliifanya miezi. Mama mkwe aliolewa nayo, akazaa watoto, na alipotaka kubatizwa aliamua kuacha yote ya zamani. Aliitia ngozi motoni nyuma ya nyumba, mume wake akiwa malishoni.

"Kanisani walikuambia uichome?" niliuliza.

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa na moto wa mgeni katika imani." Akafunga kitambaa chake upya. "Alirudi akakuta majivu. Hakunipiga, hakusema neno. Alichukua vyombo vyake vya ngozi akampa mhunzi. Tumekaa vizuri, mokamwana, mke wa mwanangu, usidhani hatukukaa vizuri. Lakini jambo hilo hatujalitaja mpaka leo."

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nisingemwambia hivyo mama mkwe wangu, tena msala wake haukuwa wa kupita. Aliupenda kwa moyo wote. Nilichoelewa siku ile ni kwamba mzee akipofuka kabla ya kazi hii kwisha, hataweza kumtengenezea tena mtu yeyote ngozi, na majivu yale ndiyo yatakayokuwa neno la mwisho baina yao. Mashindano ya shule yaliniondoka kichwani kwa muda. Nilitaka ngozi ile imalizike.

Tulianza hivi. Baba mkwe aliketi upande wa nje wa ukuta wa jiko, kwenye jua. Mimi niliketi ndani, upande wa pili wa ukuta huo huo. Mama mkwe alizunguka kona, akichukua ngozi huku na kuileta kule pamoja na maneno. Mzee alikwangua, akapaka samli na mafuta ya mbarika, akakanda na kusokota kwa mikono mpaka jasho linadondoka, kisha ngozi ikaletwa kwangu nikande mpaka viganja vikaota malengelenge, kisha ikarudishwa kukaguliwa. "Anasema bado ngumu." Inarudi. "Anasema upande wa shingo umeusahau." Inarudi. Nilikuwa nikisikia kila alichosema, ukuta wenyewe wa udongo una nyufa, lakini nilingoja niambiwe kwa sababu ndiyo adabu. Kuna siku aliposema "mwambie ana mikono mizuri," mama mkwe alizunguka kona na kuniambia, "Anasema endelea."

Nilipaswa kung'amua hapo kwamba mjumbe wangu anapunguza na kuongeza.

Shanga zilikuwa kazi ya kinamama, na mzee hakuzijua vizuri. Alisema pindo lilikuwa na mstari mmoja. Mama mkwe, ambaye kwa imani yake hata pete hakuvaa, alivumilia kwa siku mbili tatu, halafu akaweka ungo chini kwa kishindo. "Atajua nini yeye? Mistari ilikuwa mitatu. Aliyeivaa ni nani?" Akaninyang'anya uzi. Alitunga zile mbegu nyeusi za migomba ya mwituni, akachanganya na shanga nyekundu na nyeupe nilizonunua dukani Kisii, vidole vikienda upesi kuliko vyangu. "Si pambo," aliniambia kwa ukali, ingawa sikuwa nimesema kitu. "Ni kazi ya shule." Nikasema ndiyo, mama, ni kazi ya shule. Kushona kulibaki kwangu, kwa sindano nene ya viatu na kano za ng'ombe. Katika hilo hakuna aliyeniambia chochote, maana mshono wangu ulikuwa mzuri na nilijua.

Tatizo lilikuwa urefu. Nilisubiri nje ya adabu kidogo, sikio kwenye ufa, lakini siku hiyo upepo ulikuwa ukipiga migomba na sikusikia mzee alivyosema. Mama mkwe alikuja na kipimo. "Anasema ifike kwenye kifundo cha mguu."

Nilishangaa. Ngozi moja isingetosha. Lakini mimi ni nani? Tukapata ngozi ya pili, ikalainishwa, nikaziunga. Mzee alilalamika kwamba hii kazi ya ngozi ya pili haijui, akaambiwa ni ya kumvika msaidizi wa bibi harusi. Sketi ilipokamilika nilimleta msichana wa darasa la saba ambaye angekuwa bibi harusi wetu, nikamfunga, nikamwambia acheze pale uani. Maskini mtoto. Alijaribu kupiga hatua, ngozi ikamfunga miguu, akatembea kama mbuzi aliyefungwa kamba. Pindo na shanga zake zote liliburuta vumbi.

Nyuma ya ukuta mzee alikuwa akisikiliza. Asingeniita mimi, wala asingemwita mke wake mbele ya mgeni, basi aliuambia ukuta.

"Ewe ukuta, hebu niambie. Nani kaburuta blanketi hapo uani?"

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa akikagua mbingu kama anayetafuta mvua.

"Ukuta," nikasema mimi, maana uvumilivu ulikuwa umenishinda, "mwambie mwenye kuuliza kwamba si blanketi. Ni ngozi ya bibi harusi, imefika kifundoni kama ilivyoagizwa."

"Kifundoni!" Mzee alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. "Ukuta, mimi nilisema juu ya goti! Bibi harusi alikuwa anacheza siku nzima, si anakwenda kuzikwa!"

Mama mkwe aliketi chini palepale kwenye nyasi, kitambaa amejifunika usoni. Nilidhani analia, kumbe anacheka na kuona haya kwa pamoja. "Mimi ni mke wa kanisa," alisema ndani ya kitambaa. "Ningekuja kusema habari za magoti kwa mokamwana? Nimesema kifundo. Kifundo ni salama."

Nilikasirika. Kazi ya wiki kadhaa, viganja vyangu, mshono wangu! Lakini ni vigumu kumkasirikia mtu anayecheka chini ya kitambaa cheupe, na nikajikuta nami nimeketi kwenye nyasi. Yule msichana alisimama kati yetu na ngozi zake mbili, hajui acheke au akimbie.

Nitasema hapa habari ya mashindano ili nisiisahau, ingawa si ndiyo ninayoisimulia. Tulipata nafasi ya pili. Wa kwanza walikuwa shule fulani yenye ngoma nzuri kuliko zetu, na walivaa katani. Nilinuna kutwa nzima. Lakini mabibi wengine wazee walioketi mbele walisimama wasichana wetu walipoingia, wakasimama wima, mikono vifuani, mpaka wimbo ukaisha.

Siku chache baada ya kicheko kile, kabla ya mashindano, tuliporudi kwenye ngozi ile ndefu, nilifumua maungio, pindo na shanga zake nikazihifadhi kando, na mzee akasema mwenyewe ataikata, kwa sababu kisu cha ngozi hakikosei mara mbili. Ila katika wiki zile za kukanda jicho lake la kulia lilikuwa limefunga. Hakuna aliyetangaza. Tuliligundua asubuhi alipotoka nje na kutafuta kigoda chake kwa mguu. Mama mkwe alikisogeza mpaka kikagusa goti lake, akarudi jikoni, akasimama akinipa mgongo. Hakuwasha moto kwa muda mrefu.

Mzee alichukua ngozi, akaipapasa, akaiweka mapajani. Kisha akasema kwamba hawezi kuikata hivyo. Zamani alikuwa akimtazama bibi harusi kwa macho na kujua. Sasa lazima aipapase ikiwa imevaliwa, aone inavyoanguka kiunoni.

Nilikuwa ndani, nyuma ya ukuta wangu. Nilihesabu watu wa kuivaa. Mimi? Hata kufikiria ilikuwa mwiko. Yule msichana wa shule? Mtoto wa watu, apapaswe kiuno na mzee, hata kama kwa mila ni sawa na mjukuu wake? Nilikuwa karibu kusema tuiweke juu ya gunia la mahindi. Nilikaribia kuvisha gunia, mimi niliyeanza yote haya kwa kuyakasirikia magunia! Moyo uliniuma kwa sababu nilijua hatapima gunia. Ataiweka chini ngozi ile, kama alivyoviweka chini vyombo vyake mara ya kwanza, na safari hii hakutakuwa na nyingine.

Mama mkwe alikuwa akichambua mboga karibu nami. Aliacha. Alinawa mikono, akaipangusa kwenye leso, akafungua kile kitambaa chake cheupe, akakikunja vizuri na kukiweka juu ya Biblia. Hakunitazama. Alitoka, akazunguka kona.

Nilisikia ngozi ikichukuliwa. Nilisikia akiifunga juu ya gauni lake la kila siku, akihema kidogo, maana kiuno cha arusi kilikuwa kimekwenda zamani.

"Nani huyo?" mzee aliuliza.

"Mimi."

Ufa wa ukuta ulikuwa pale pale, kwenye jicho langu. Niligeuza uso nikatazama mafiga, kwa sababu kuna mambo ambayo hata mtu asiye na haya kama mimi anajua si ya kuyaona.

"Simama wima," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nimesimama."

"Geuka upande huu. Hapa panavuta."

"Hapa hata ile ya kwanza ilivuta. Uliikata fupi."

Neno lilikuwa limesemwa. Miaka yote ile, na lilitoka dogo hivyo, la kulalamikia nyonga.

"Mbona hukusema?" aliuliza.

"Nilikuwa bibi harusi. Bibi harusi husema?"

"Hata baadaye hukusema."

"Hata baadaye sikusema," mama mkwe alikubali. Kisha kwa sauti ambayo sikuijua: "Afadhali ningekuambia kabla ya kuichoma. Ningekungoja urudi kutoka malishoni."

Nilisikia kisu kikipita kwenye ngozi, polepole, hatua kwa hatua, na vipande vikianguka chini. Alikuwa anapima kwa vidole kabla ya kila mkato. Kilipofika mwisho alisema, "Zunguka nisikie." Mama mkwe akazunguka, na ngozi ikapiga miguuni pake, sauti laini, nzito kidogo, ambayo mimi na vitabu vyangu vyote hatukuwahi kuisikia.

"Hiyo ndiyo," alisema mzee. "Ivue sasa, mpe mokamwana atie shanga."

Nilichukua sindano na uzi nikangoja iletwe. Haikuletwa. Nyuma ya ukuta ngozi ilipiga tena, halafu tena, upesi zaidi, na miguu mitupu ya mke wa kanisa ikaanza kugonga udongo kwa mpangilio, bila kuambiwa na mtu, na mzee akaupokea mdundo kwa viganja kwenye magoti yake. Niliweka sindano chini nikawasha moto wa mboga.